Siku Ulipokubali Nikulishe, Baba

Mpendwa Baba,

Natumaini huko uliko hakuna anayekunyima chumvi. Sisi huku Kawajense hatujambo. Mwanao Gaspari yuko karakana, ana mageti mawili ya watu ya kumalizia kabla ya Jumamosi. Mjukuu wako Vene ameenda mafundisho ya kipaimara. Nyumba imetulia, nami nimeona nikae barazani nikuandikie, maana kuna neno moja sikukwambia ulipokuwa hai, na kila nikilifikiria naona deni hilo haliwezi kulipwa na misa peke yake.

Sikuwahi kukuandikia kabla ya leo. Hata kuongea, ile miaka saba ya mwanzo ya ndoa yangu na mwanao, sidhani kama tulishawahi kufikisha maneno ishirini kwa mpigo. Unakumbuka ilivyokuwa. Ukija mjini na gunia la mchele kutoka Mpimbwe, nilipiga magoti mlangoni, nikakuamkia, nikapokea mzigo, nikaingia ndani. Chakula chako nilimpa Vene akuletee barazani ulikokaa na Gaspari, mimi nikala jikoni. Hatukuwa na ugomvi. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na sote tulilelewa hivyo, wewe Mpimbwe kwa kabila na mimi Mkonongo. Mkwe hamshiki mkono baba mkwe wake. Hakai kwenye kitanda anacholalia. Nilikuheshimu sana, Baba, na nilikuogopa kidogo. Nadhani na wewe ulinionea haya.

Kisha ukaanguka.

Ilikuwa wakati wa kupalilia mpunga. Shangazi Leokadia, dada yako, alituambia ulikuwa umesimama ndani ya maji hadi kwenye vifundo vya miguu, ukamwita jirani wa shamba la pili, jina likatoka limepinda, halafu ukakaa chini humo humo kwenye matope kama mtu aliyechoka. Walikuleta Mpanda umelazwa nyuma ya gari la mtu aliyekuwa anakuja mjini, Shangazi amekushikilia kichwa njia nzima. Daktari alisema ni kiharusi, kimetokana na presha ambayo hukujua unayo. Upande wako wa kulia ulikuwa umelala wote, mkono na mguu. Mdomo umekwenda upande. Maneno hakuna.

Zile wiki za wodini nilikuwa naleta uji na maji ya kufulia, nasimama miguuni pa kitanda, nakuamkia, nageuka. Gaspari na Shangazi ndio walikaa karibu na wewe. Nilikuwa nakuona ukinitazama kwa jicho moja, kisha unageuzia uso ukutani. Sikukasirika. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Asubuhi moja daktari alipita akasema maneno ambayo sisi tuliyasubiri na kuyaogopa: mzee anaendelea vizuri, tujiandae, siku tatu nne ataruhusiwa. Daktari alipohamia kitanda kingine, Shangazi Leokadia alijifunga kitenge chake upya akasema kwa sauti ya chini, "Ukisikia wanasema nyumbani, ujue wameshindwa. Wanaturudishia tukamzike wenyewe."

Nesi Mwajuma alikuwa anabadilisha shuka kitanda cha pembeni, akamsikia. Unamkumbuka, yule mfupi, mwenye sauti isiyopanda hata akiwa amekasirika. Alimaliza shuka lake kwanza, akaja.

"Mama, hatujashindwa," alisema. "Dawa za sindano zimekwisha, hatari ya mwanzo imepita. Kilichobaki ni kazi ya kila siku, na hiyo kazi mtaifanya nyie vizuri kuliko sisi, kwa sababu mimi hapa nina vitanda ishirini na nyie mna mzee mmoja. Ila simtoi hapa mpaka mnionyeshe kwamba mmejua. Sasa niambieni, nani atakayemhudumia?"

Gaspari alisema, "Mimi." Nesi akamuuliza, "Na ukiwa kazini?" Gaspari akatazama viatu vyake. Shangazi alisema yeye mgongo wake haumruhusu kuinua mtu, na ilikuwa kweli. Mama, yaani mkeo, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki kabla hata sijaolewa. Wote wakanitazama mimi, halafu wote wakaacha kunitazama kwa pamoja, kama watu waliokosea mlango.

Nikasema, "Mimi nipo nyumbani mchana kutwa. Nitamhudumia mimi."

"Mkwe?" Shangazi akauliza.

Nesi Mwajuma hakubishana naye. Alikuja upande wako wa kushoto, akakushika ule mkono mzima, akakuuliza wewe. Watu wote tulikuwa tunakuzungumzia kama mzigo unaotafutiwa gari, lakini yeye akakuuliza wewe mwenyewe. "Mzee, unanisikia. Huyu mkwe wako akulishe, akupe dawa, akugeuze kitandani mwanao akiwa kazini? Kama unakubali, finya mkono wangu."

Tulisubiri. Hukufinya. Ulifumba macho, chozi moja likashuka kwenye sikio.

Nesi akasema, "Sawa, mzee. Nimekuelewa." Akaturudia sisi. "Ana haki ya kukataa. Basi fundisho tutaanza na mwanae na dada yake, mengine tutayaona."

Nilirudi nyumbani kwa mguu siku hiyo. Nilikuwa naona aibu, kama mtu aliyejipeleka kwenye sherehe asiyoalikwa. Gaspari aliporudi nilimwambia tutafute mtu wa kulipwa. Akajibu kwamba baba yake hajawahi kulishwa na mtu baki, na kwamba tumwache kwanza alale na jambo hilo.

Kesho yake mchana nilikuja na uji kama kawaida. Asubuhi ile, nilipoleta maji ya kufulia, nesi alimfundisha Gaspari kulisha, nami nilisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Mgonjwa anakalishwa wima kabisa, mito mgongoni, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani. Uji uwe mzito, usiwe wa kumiminika. Kijiko kidogo, kiingilie upande mzima wa mdomo. Usimpe cha pili mpaka umeona koo limepanda na kushuka. Akimaliza akae wima nusu saa, asilazwe. Nilikuwa nayarudia kimoyomoyo kama mtoto anayejifunza sala.

Gaspari alikuwa ameitwa kwa daktari kuhusu dawa zako. Shangazi Leokadia aliona uji unapoa. Alikuhurumia, Baba, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuona umelala vizuri, hakutaka kukusumbua, akakuinua kichwa tu kwa mkono mmoja na kukunywesha uji kwa kikombe, kama anavyomnywesha mtoto.

Ukapaliwa. Nilisikia kwanza ule mlio, halafu nikasikia mlio umekata. Uso wako ulibadilika rangi. Shangazi aliganda na kikombe mkononi. Sikumbuki nilivuka vipi ile wodi. Najua tu kwamba nilipanda na goti moja kwenye kitanda chako, nikapitisha mikono chini ya makwapa yako, nikakuvuta ukakaa, nikakuinamisha mbele begani kwangu, na nikakwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwako, "Kohoa, Baba. Kohoa. Tena." Shangazi alitaka kukupa maji yashushe, nikamwambia hapana. Ukakohoa. Uji ulitoka, ukamwagika kwenye blauzi yangu, na pumzi ikarudi kwa kishindo. Nesi Mwajuma alifika akatukuta hivyo, wewe umeegemea bega langu, mimi nimekukumbatia, na Shangazi analia pembeni bila sauti.

Nilipokulaza kwenye mito nilikumbuka nimekaa wapi. Nikashuka haraka, nikapiga magoti sakafuni nikasema, "Nisamehe, Baba."

Nilichukua vyombo nikaondoka.

Jioni yake nesi alikuuliza tena. Mimi sikuwepo, Gaspari ndiye aliyenisimulia. Alisema ulikaa muda mrefu unatazama dari, kisha ukafinya mkono wa nesi mara moja, ukafumba macho, kama mtu anayetia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakupenda kuisaini. Nesi akakuuliza, "Kila kitu?" Hukufinya. "Kuoga na choo abaki mwanao?" Ukafinya. Kwa hiyo ukawa umepanga kazi mwenyewe, Baba, bila kuwa na neno hata moja mdomoni. Gaspari ataogesha asubuhi kabla ya kwenda karakana na jioni akirudi. Mimi chakula, dawa, kugeuza na mazoezi. Shangazi atakaa na wewe, na kikombe hataruhusiwa kukigusa. Hilo la kikombe alilisema mwenyewe.

Tulikaa darasani siku tatu. Nesi Mwajuma alikuwa na neno lake: "Msiniambie, nionyesheni." Ukisema umeelewa, anakwambia nionyeshe. Kulikuwa na kitanda kimoja wazi, akamlaza Gaspari humo, akamwambia ajifanye amepooza upande wa kulia, akaniambia nimgeuze. Nikamvuta mkono.

"Umeshang'oa bega la mtu," alisema. "Mkono mgonjwa hauvutwi kamwe. Kunja goti lake, weka mkono wako mmoja kwenye nyonga na mwingine nyuma ya bega, halafu rudi nyuma na mwili wako wote. Uzito wake ndio ukusaidie."

Gaspari mwanao ni mtu wa mwili, lakini alizunguka kama gogo kwenye maji. Wagonjwa wa vitanda vya karibu walicheka. Mzee mmoja akasema na yeye akiruhusiwa nimfuate. Nikakutazama, Baba, ule upande wako wa mdomo unaofanya kazi ulikuwa umepanda. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokuona ukicheka na mimi nikiwa mbele yako.

Nesi alituuliza habari za nyumba kana kwamba anataka kupanga. Kitanda kina urefu gani? Mlango una kizingiti? Choo kiko ndani au nje? Gaspari alijibu kwa aibu kwamba choo kiko nje, hatua kama kumi na tano, na kuna ngazi mbili. Nesi akasema wengi ndivyo walivyo, akamchorea kwenye karatasi. Kwa jioni mbili mwanao alichomelea vyuma: mabomba ya kushikilia toka mlangoni mpaka chooni, na kiti chenye tundu katikati na ndoo chini yake cha kuweka chumbani. Mageti ya watu yalisubiri. Nilimkuta amekaa juu ya kile kiti, ameinua mguu mmoja hewani, anajaribu kusimama kwa mkono mmoja. Hakujua namwona. Alijaribu mara nyingi, kisha akachukua msumeno akapunguza miguu ya kiti kidogo, akaanza upya.

Kwenye bahasha za dawa nesi alichora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, ili hata Shangazi ambaye hakusoma ajue kipi ni cha lini. Akatuambia mambo ya kutukimbiza hospitali bila kuuliza mtu: homa, kupaliwa kusikoisha, mguu kuvimba na kuuma, mdomo kupinda upya. Akatufundisha kukagua ngozi kila siku, matakoni, kiunoni, kwenye visigino. "Msitafute wekundu," alisema, "ngozi zetu hazisemi hivyo. Tafuteni palipokuwa peusi zaidi ya jirani yake, au pana joto."

Siku ya kuruhusiwa dereva wa bajaji alitaka kukubeba kama gunia. Gaspari akamwambia, "Subiri kaka, anaingia mwenyewe." Ukatanguliza upande mzima, tukahesabu tatu, ukasimama, ukageuka, ukakaa. Jasho lilikutoka. Dereva aliendesha polepole mpaka Kawajense akikwepa kila shimo.

Nyumbani tulikuta majirani wamejaa uani. Kila mmoja na dawa yake, na chakula chake. Mmoja alileta ugali na maharage yenye mafuta mengi, mwingine mizizi kwenye chupa, mwingine alitaka kukuchua mguu kwa nguvu mpaka damu itembee. Mimi ni mtu wa haya, sikujua nianzie wapi. Aliyesimama ni Shangazi Leokadia. Alijiweka mlangoni akasema, "Nawashukuru sana ndugu zangu. Mzee anakula akiwa amekaa, anakula uji mzito, na anayemlisha ni mkwe wake peke yake. Mimi mwenyewe nilitaka kumuua kwa upendo, kwa hiyo nawajua." Watu wakacheka, wakaacha vyakula jikoni. Tangu siku hiyo nilikuwa na askari.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, sitasema uongo. Siku ya tano niliona kisigino chako cha kulia kina weusi, nikakigusa, kina joto. Nikampigia nesi Mwajuma, akaniambia niweke mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kibaki hewani kabisa, na nimpigie tena kesho. Siku ya tatu ngozi ilikuwa imerudi kama mwanzo. Nilikwenda kumwonyesha Gaspari kisigino cha baba yake kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Halafu ikaja ile siku ambayo mimi na wewe hatukuizungumzia tena. Gaspari alikuwa ameenda Ikola kufunga mlango wa chuma kwenye ghala la mtu wa dagaa, asingerudi mpaka jioni. Shangazi alikuwa kanisani. Tumbo lako likaharibika ghafla, kiti kikawa mbali. Nilisikia harufu kabla sijaingia, na nilipoingia nilikukuta umeng'ang'ania shuka kwa mkono wa kushoto, umelivuta mpaka kwenye macho.

Nilisimama mlangoni kidogo. Mkataba wetu ulikuwa unasema choo ni cha Gaspari. Lakini kukuacha hivyo mpaka jioni, ngozi yako ingeharibika, na wewe ungekaa ndani ya aibu kwa muda wa saa sita. Nikaleta maji ya uvuguvugu, sabuni na kanga mbili. Nikafanya kama nesi alivyotufundisha, funika pote, fungua pale tu unaposafisha, kisha funika tena. Na macho yangu niliyaweka ukutani kadiri nilivyoweza. Wakati ule maneno yako yalikuwa yameanza kurudi, machache na mazito, na ulinung'unika kitu kwa Kipimbwe nisichokielewa.

Kukwambia usijali kungekuwa uongo. Basi nikakuuliza, "Baba, mpunga unajuaje kwamba umefika wa kuvuna?"

Ulizidi kulivuta shuka usoni. Nikakuuliza tena. "Mimi nimekulia kwenye mahindi na asali. Sijui mpunga. Mtu anajuaje?"

Ukasema, kwa hasira, "Ki-kichwa." Nikauliza kichwa kinafanya nini. "Kina...inama." Na rangi? Na maji, yanatolewa lini shambani? Ukinijibu neno, nauliza lingine. Ulisema ukishavunja punje kwa jino ikalia, umefika. Ulisema ndege nao huujua. Ulisema maji yanatolewa mapema, siyo siku ya kuvuna, na uliporudia mara ya pili hasira ilikuwa imeondoka, umebaki mwalimu. Ulipofika kwenye kupiga mpunga mimi nilikuwa nimeshafunga kanga ya mwisho na kubeba ndoo. Hukuniambia asante, nami sikuingoja. Lakini jioni Gaspari aliporudi alikuuliza habari za mchana, nikasikia ukimjibu, "Tu-meongea."

Neno lako la kwanza kabisa tangu uanguke nalo nataka nikukumbushe, maana linatuchekesha hadi leo. Tulikuwa tumengoja neno hilo kwa majuma. Shangazi alikuwa anasali rozari utaje jina la marehemu mkeo. Gaspari alitamani umwite yeye. Mchana mmoja nilikupa kijiko cha mchuzi wa samaki, ukameza, ukanitazama sana, mdomo ukahangaika, nikaweka bakuli chini nisikilize.

"Chumvi," ukasema.

Nililia na kucheka pamoja. Nikakwambia, Baba, daktari amepunguza chumvi kwa ajili ya presha. Ukarudia, "Chumvi," safari hii kwa amri. Tangu siku hiyo ilikuwa vita. Nilijifunza kutumia limau na kitunguu na tangawizi, na dagaa nilikuwa nawaloweka maji mawili ili chumvi itoke. Ulikula, lakini ulikuwa unatikisa kichwa kila mara, ili nisije nikafikiri nimeshinda.

Mkono wako wa kulia ulichelewa kuliko mguu. Nesi alisema mpira wa kufinya ni mzuri ila kazi ni nzuri zaidi, mpe kazi anayoijua. Nikakuwekea ungo wa mchele magotini, uchambue. Siku za kwanza mkono ulikuwa umelala tu humo kama kitu ulichosahau. Baada ya wiki kidole kimoja kikasukuma jiwe. Kisha viwili. Na kadiri vidole vilivyoamka ndivyo dharau ilivyoamka, maana mchele wa sokoni haukukuridhisha. "Huu umechanganywa," ulisema. "Huu si wa kwetu." Vene alikuwa anakaa na wewe akitoka shule, ukamfundisha kutofautisha punje. Nami nilikuwa nakaa hapo hapo barazani nikimenya vitunguu, na chakula kikiiva tunakula wote wanne, Shangazi wa tano. Hakuna aliyetangaza kwamba desturi imebadilika. Siku moja tu nilileta sinia moja badala ya mawili, na wewe ukanawa mkono.

Ulitembea kwa fimbo mpaka kanisani Pasaka iliyofuata. Mwaka wa pili ukasema unarudi Mpimbwe, na ulirudi kweli, na Shangazi, na ule mfuko wa bahasha zenye jua na mwezi. Hukulima tena, lakini walituambia ulikuwa unasimama kwenye tuta na kuwakosoa wanaolima, na kwamba hakuna aliyethubutu kukuongezea chumvi bila kunipigia simu. Ulivuna misimu miwili kwa macho. Ulipoondoka uliondoka usingizini, kitandani kwako, ngozi yako ikiwa haina kidonda hata kimoja. Shangazi ndiye aliyenipa habari hiyo ya ngozi, siku ya msiba, akiwa amenishika mikono yote miwili. Alijua nitapenda kuisikia.

Siku hizi nesi Mwajuma huniita mara mojamoja wodini, nikaongee na ndugu wanaojiandaa kumpeleka mgonjwa nyumbani. Siyo kazi ya mshahara. Juzi ilikuwa familia ya mama mmoja, watoto wake wawili wa kiume, wakubwa, wenye ndevu. Mdogo wao aliniuliza kando, ataanzaje kumsafisha mama yake mzazi, hilo haliwezekani. Nikamweleza habari za kanga mbili. Nikamwambia pia aanze kwa kumuuliza mama mwenyewe anachokubali na asichokubali, na akikataa asimlazimishe, asubiri. Alisikiliza ameinama. Kisha akavua koti lake, akamwambia nesi, "Haya, nionyeshe kumgeuza."

Nilirudi nyumbani nimefurahi, na njiani ndipo nilipoamua kukuandikia. Huwa watu wananisifu, Baba. Kanisani, sokoni, hata ndugu zangu wa upande wa Inyonga. Wanasema nilikubali kumuuguza baba mkwe, wakwe wa siku hizi hawakubali. Mimi huitikia tu, kwa sababu kueleza kunachukua muda. Lakini wewe nikueleze. Kumwosha mtu, kumlisha, kumgeuza, nilifundishwa kwa siku tatu, na kila mtu anaweza kufundishwa. Wewe ulikuwa mzee wa watu, uliyesimamia mashamba na kuamua mashauri ya ukoo, ukalala pale huna neno, huna upande mmoja, ukaombwa ufungue mdomo mbele ya mtu ambaye hata mkono hukuwahi kumpa. Na hilo hakuna nesi aliyekufundisha. Ulilala na jambo hilo siku moja, kisha ukaufungua mdomo. Yote niliyoyafanya mimi yalikuja baada ya hapo.

Kwa hiyo asante kwa kukubali. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo.

Pumzika kwa amani, Baba, na umsalimie mama ambaye sikumwona. Mwambie mwanae anakula vizuri na nyumba yake haina kelele.

Ni mimi mkweo,
Mama Veneranda
Kawajense, Mpanda